Msimulizi asituuzie muuaji mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie vitabu vya kusikiliza, hasa riwaya za upelelezi na zile za kihistoria. Filamu zinahakikiwa magazetini, albamu zinahakikiwa, mpira ndiyo usiseme. Vitabu vya kusikiliza havina mhakiki, na matokeo yake kila mwenye simu na sauti nzito anajiita msimulizi.

Wasikilizaji si haba. Huku Kigoma fundi cherehani anasikiliza, anayeanika dagaa Kibirizi anasikiliza, na abiria wa treni anayejua urefu wa usiku kati ya hapa na Tabora amejaza memori kadi kabla hajakata tiketi. Wavuvi wa dagaa ndio kabisa: mbalamwezi ikiwa kali taa zao hazivuti samaki, wanabaki nchi kavu, na hadithi ndefu inapata nafasi yake hapo. Kwenye vibanda vya kurushia nyimbo, mteja wa leo anaomba bongofleva na hadithi kwa pumzi moja.

Nimeziweka aina hizi mbili pamoja kwa sababu zinaharibika kwa njia zinazofanana. Riwaya ya upelelezi inasimama juu ya jambo lililofichwa. Ya kihistoria inasimama juu ya jambo lililokuwepo. Msimulizi anaweza kuziangusha zote mbili bila kubadilisha hata neno moja la mwandishi, kwa sauti yake tu.

Kosa kubwa kuliko yote ni hili. Kiswahili kimempa mwandishi wa upelelezi zawadi ambayo mwenzake wa Kiingereza au Kifaransa hana: nafsi ya tatu haisemi kama mtu ni mume au mke. Chukua sentensi ya kubuni kama hii: "Akaingia kwa mlango wa uani, akaishusha taa, akasema, Nimekuja kuchukua changu." Kwenye karatasi hujui kama aliyeingia ni mwanamke au mwanamume, kijana au mzee. Mwandishi anaweza kuificha jinsia ya muuaji sura kumi na tano mfululizo, na sarufi ikamfanyia kazi yote. Sasa anakuja msimulizi. Anakohoa, anaiteremsha sauti mpaka kifuani, anaisoma "Nimekuja kuchukua changu" kwa besi ya jambazi wa filamu. Kwisha habari. Wanawake wote waliokuwa kwenye orodha ya washukiwa wameachiwa huru kabla mpelelezi hajaamka. Na ikitokea kwamba muuaji ni mmoja wao, basi msimulizi ametudanganya, jambo ambalo mwandishi hakulifanya, na msikilizaji akidai hela yake sitamlaumu.

Wapo wanaokosea kwa upande wa pili. Msimulizi amempa kila mhusika sauti yake, kazi nzuri, mwenye duka anasema puani na daktari anavuta maneno. Katika sura ya saba mtu asiyejulikana anapiga simu ya vitisho, na msimulizi, kwa uaminifu wake wote, anaisoma simu ile puani. Mpelelezi atahangaika sura kumi zaidi kutafuta jina ambalo msikilizaji anayemenya mihogo amekwisha kulijua.

Dawa yake ni rahisi, ila inataka nidhamu. Kabla ya kurekodi, msimulizi asome kitabu chote mpaka mwisho, akiwa na karatasi ya wahusika pembeni: jina, umri, sauti atakayompa, na sura ambazo mhusika huyo anatokea bila kutajwa jina. Katika sura hizo maneno ya asiyejulikana yasomwe kwa sauti ya kawaida ya msimulizi mwenyewe, ile anayosomea maelezo, polepole kidogo, bila kuigiza. Wapo wanaopenda kunong'ona, na kweli mnong'ono unaficha jinsia kwa kiasi fulani kwa sababu koo halitetemi. Tatizo la mnong'ono ni kwamba kwenye spika ya simu, karibu na injini ya mashua au kwenye behewa, haufiki. Anayetaka kunong'ona aipandishe sauti ya sehemu hiyo wakati wa kusafisha rekodi, hadi ikaribiane na mazungumzo ya kawaida.

Besi nayo ina ubaya wake hata pale isipomtaja muuaji. Spika ndogo ya simu haitoi vizuri sauti za chini. Msimulizi anayemshusha jambazi mpaka kwenye mngurumo anasikika vizuri sana studio, kwenye hedifoni kubwa. Kwa msikilizaji aliyeweka simu dirishani kinachobaki ni mikwaruzo. Wahusika watofautishwe kwa mwendo, kwa namna mtu anavyopumua, kwa mahali anapokata sentensi. Mtu mmoja akishajipa sauti zaidi ya sita au saba za kuigiza, kufika sura ya kumi mbili zitakuwa zimeshagongana.

Na lafudhi. Kwa nini mlinzi wa geti lazima aongee Kiswahili cha Kiha cha kuigiza, na mpagazi lazima awe Mnyamwezi wa kuchekesha? Sisi wa mikoa hii tumechoka, lakini tuache uchovu wetu pembeni: lafudhi ya kuigiza inawafanya watu watatu tofauti wasikike kama mmoja, na katika upelelezi hilo ni kosa la kiufundi.

Kitabu cha karatasi kina ukurasa wa kurudia. Msomaji akishtuka sura ya ishirini kwamba kitasa kiliwahi kutajwa, anafungua nyuma, anakiona. Msikilizaji ana kitufe cha kurudi sekunde kumi au thelathini, na mikono yake mara nyingi ina unga. Kwa hiyo kila dokezo lazima lisikike vizuri mara ya kwanza, lisikike kama jambo la kawaida, na msimulizi asilikimbie wala kulipigia ngoma. Kukimbia hutokea kwenye orodha. Mwandishi anapanga vitu saba vilivyokutwa mezani kwa marehemu, na msimulizi anavisoma kama anayesoma bei za nauli. Cha tano ndicho chenye maana, nacho kimepita. Kupigia ngoma ni ugonjwa wa muziki: mpelelezi anainama, anaokota kifungo cha shati, na hapohapo unasikia jwiiii! Basi, tumejua kifungo ndicho. Muziki uwepo mwanzo wa sura na mwisho wake, sekunde tano hadi kumi, halafu unyamaze. Chini ya mazungumzo hauna kazi yoyote. Unafunika silabi za mwisho, na katika Kiswahili silabi ya mwisho ndiyo inayotofautisha "alipiga" na "alipigwa".

Yapo madokezo ambayo hayakuandikiwa sikio kabisa. Barua ya vitisho yenye "kula" mahali pa "kura" inamfichua mwandishi wake, maana mpelelezi anakumbuka nani huchanganya r na l. Msimulizi ambaye naye huzichanganya ameliua dokezo hilo asijue, kwa hiyo kabla ya kukabidhiwa kitabu cha namna hiyo apimwe kwa ukurasa mmoja. Hata mwenye ulimi safi anatakiwa asome neno lenyewe kisha alitaje kwa herufi: k, u, l, a. Ramani ya nyumba inafaa isomwe kwa maelezo mafupi yaliyoandikwa na mwandishi mwenyewe, au na mhariri kwa idhini yake: milango mingapi, upi unafungwa kwa nje, kutoka jikoni mpaka chumba cha marehemu hatua ngapi. Majina nayo ni mtihani. Hamisi, Hamadi, Hamidu na Hemedi wanatofautiana kwa jicho. Kwa sikio, kwenye kelele, ni mtu mmoja mwenye mambo mengi. Anayeandika leo akijua kitabu chake kitasomwa kwa sauti asiwape washukiwa wawili silabi moja ya kwanza.

Utamaduni huu wa upelelezi si mgeni kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi wake Bwana Msa vitabuni mwaka 1960, na Ben Mtobwa, aliyembuni mpelelezi Joram Kiango, alikuwa mtoto wa Kasulu, mkoa huuhuu. Inauma kwamba mkoa uliomzaa mwandishi wa upelelezi wa kiwango kile unasikilizishwa hadithi zilizorekodiwa ovyo.

Sasa niende kwenye historia, ambako msikilizaji wa Kigoma na Tabora ni mgumu kudanganywa.

Nadhani tumetosheka na mwembe wa Ujiji na mwaka 1871. Kila anayetaka kuandika riwaya ya huku anakimbilia pale walipokutana Wazungu wawili, Stanley na Livingstone, kana kwamba wenyeji walikuwa mapambo ya picha. Mambo yaliyojaa siri yapo mengi na hayajaguswa. Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome ya Mtemi Isike huko Unyanyembe, Tabora, Isike aliwasha baruti iliyokuwa ndani kuliko kutekwa. Ni nani aliyekuwa naye dakika za mwisho, na nani alitoka? Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, walipiga sarafu palepale Tabora, ikiwemo ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu, vita, karakana ya reli, na adui yuko njiani: mwandishi wa upelelezi anataka nini tena? Julai 26 mwaka huohuo meli Graf von Götzen ilizamishwa na wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, mashine zikiwa zimepakwa grisi ili siku moja ifufuke. Iliibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Hapo kwenye meli ndipo makosa huanza. Nimetaja majina mawili makusudi, maana riwaya ya matukio ya mwaka 1915 inayomfanya baharia apande "Liemba" imeanguka mlangoni. Msimulizi makini angemuuliza mwandishi kabla ya kusoma. Makosa mengine yanayojirudia katika hadithi za sauti za huku ni haya, na ninayataja ili wanaorekodi wayachunge.

Treni. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Hadithi ya zama za Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki 1884, haiwezi kuwa na filimbi ya treni hata kwa mbali, lakini zipo zilizowekwa sauti hiyo kwa sababu mhandisi wa sauti alisikia neno "Tabora" akafikiria stesheni. Kwa mwandishi wa upelelezi tarehe hizi ni mali. Msafara wa miguu ulikwenda wastani wa kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Tabora mpaka Ujiji ni kilomita 400 na ushee, kwa hiyo ni wiki tatu hadi nne za kutembea tu, bila kuhesabu siku za mapumziko, kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, na kuvuka Malagarasi. Mshukiwa aliyeonekana Tabora juzi hawezi kuwa ameua mtu Ujiji jana, mwaka 1880. Mwaka 1914 anaweza. Riwaya nzima inaweza kusimama juu ya tofauti hiyo moja, mradi msimulizi ameutaja mwaka kwa sauti iliyo wazi mwanzoni mwa sura.

Bunduki. Gobori linajazwa kwa mdomo: baruti, kishindilio, risasi. Aliyefunzwa vizuri sana anafyatua mara mbili au tatu kwa dakika, na wa kawaida chini ya hapo. Halafu kwenye rekodi ya vita vya rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, unasikia mfululizo wa bunduki ya rashasha uliochukuliwa kwenye filamu. Mbali na kuchekesha, unaharibu mantiki: kama mashahidi wanasema walisikia milio minne ya haraka na mshtakiwa ana gobori moja, hapo kuna mtu wa pili, na hilo ndilo dokezo. Mhandisi akishaweka rashasha, nani atahesabu?

Fedha na majina ya nchi. Chini ya Wajerumani watu walihesabu rupia na hela. Shilingi zilikuja na Waingereza miaka ya 1920. Jina la Tanganyika kama nchi lilianza kutumika rasmi 1920, kabla ya hapo Tanganyika ni ziwa. Tena katikati kuna Wabelgiji, ambao waandishi wengi huwaruka kabisa: waliingia Kigoma Julai 1916, wakaingia Tabora Septemba 19, na Kigoma ilibaki mikononi mwao mpaka 1921. Riwaya inayomweka ofisa wa Kiingereza Kigoma mwaka 1918 akitoa hukumu imekosea bendera.

Vyeo. Buha ni Mwami, Unyamwezi ni Mtemi. Msimulizi akikutana na neno asilolijua asilibadilishe kwa lile alilolizoea. Majina ya mahali nayo yaulizwe. Simu moja kwa mtu wa Kibondo au wa Urambo inamaliza ubishi kwa dakika mbili, kisha jina lirekodiwe kwenye simu na lisikilizwe tena kila mara kabla ya kusoma sura linamotokea, la sivyo sura ya tatu litatamkwa hivi na sura ya tisa vile.

Katika riwaya za kihistoria msikilizaji hupotea kwenye wakati upesi kuliko kwenye njama. Kitabu kinachoruka kati ya 1893 na 1916 lazima kitaje mwaka na mahali kila sura inapoanza, hata kama kwenye karatasi mwandishi alitosheka na nyota tatu katikati ya ukurasa. Nyota hazisomeki. Nafasi tupu ya sekunde mbili au tatu ndiyo inayochukua nafasi yake, na ni lazima iwe nafasi tupu kweli, siyo pumzi ya msimulizi.

Kuhusu kurekodi nitasema kwa ufupi, maana mafundi wapo. Adui wa kwanza huku ni bati. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ikianza hakuna kazi, na hata bila mvua bati linatoa mlio likipoa jioni. Friji izimwe, feni izimwe, simu iwekwe chumba kingine. Magodoro mawili yakisimamishwa nyuma na ubavuni mwa msimulizi, na blanketi mezani, yanatosha kuua mwangwi wa chumba chenye sakafu ya saruji. Kipaza sauti kikae shubiri moja kutoka mdomoni, kikiwa pembeni kidogo, kwa sababu p na b za Kiswahili ni nyingi na zinapiga upepo. Masoko makubwa ya vitabu vya sauti yanataka wastani wa sauti kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisichozidi -3, na kelele za chumba zisizozidi -60. Hata asiyeuza huko afuate vipimo hivyo, ndivyo msikilizaji anavyoacha kuhangaika na kitufe cha sauti kila sura. Saa moja iliyokamilika hula saa mbili za kurekodi na nyingine tatu za kusafisha. Anayeahidi riwaya nzima kwa siku mbili ajue anachoahidi.

Jambo linalowakera wasikilizaji kuliko yote, hata hivyo, linatokea baada ya kurekodi, kwenye kadi. Redio ndogo za kuchaji na spika za memori nyingi hazipangi mafaili kwa majina. Zinafuata mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi. Fundi wa kibanda anachagua yote kwa pamoja, anakopi, na kompyuta inayaandika kwa mpangilio wake. Ukifika nyumbani sura ya kumi na tisa inatangulia ya pili. Kwa bongofleva hakuna aliyeumia. Kwa upelelezi umeuziwa muuaji kabla ya maiti. Namna ya kuepuka ni kuifuta kadi yote kwanza, si kufuta nyimbo mojamoja, kwa sababu faili jipya linaweza kukaa kwenye nafasi ya lililofutwa na kuvuruga mpangilio. Kisha mafaili yapewe majina yanayoanza na tarakimu tatu, 001, 002, 003, na yakopiwe moja baada ya jingine kuanzia la kwanza. Tarakimu tatu ni kwa ajili ya simu: simu inapanga kwa majina, lakini baadhi zikiona 1, 2, 10 zitaweka 1, 10, 2.

Nyingi ya redio hizo pia hazikumbuki ulipoishia, ukizima zinaanza faili mwanzo. Kwa hiyo sura ya saa nzima ikatwe vipande vya dakika 20 hadi 25, kila kimoja kianze kwa kutaja sura na sehemu tu. Muhtasari wa "ilipoishia" hauna haja. Mara nyingi ndio unaotaja jambo ambalo msikilizaji alikuwa bado analipima. Kwenye simu, programu kama VLC ina kipima muda cha kuzima, kiwekwe dakika 20 kwa anayesikilizia kitandani, maana riwaya inayoendelea kusoma wakati umelala inakuamsha kwenye ungamo la muuaji. Mwendo wa mara 1.25 unavumilika kwenye maelezo ya mandhari. Sura ya mahojiano isikilizwe kwa mwendo wake.

Na tafadhali, jina la faili lisiseme kitu. Nimeona "Sura ya 22 kifo cha daktari" ikimulika kwenye kioo wakati daktari bado anakunywa chai sura ya nne.

Ukubwa wa mafaili nao unagusa bando. Sauti ya mtu mmoja haihitaji stereo. MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa. Ya 128 inakula mara mbili yake, na sikio la kawaida kwenye spika ya simu halitaona tofauti. Riwaya ya saa sita kwa 64 ni MB 173 hivi. Anayesikiliza hadithi hiyohiyo kwenye video yenye picha moja iliyoganda analipia picha hiyo dakika zote, na kioo kinamla chaji.

Hesabu ya saa inasaidia pia kumtambua anayekata kitabu. Kiswahili kikisomwa kwa utulivu ni maneno 110 kwa dakika hivi, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Riwaya ya kurasa 160, yenye maneno kama 250 kila ukurasa, ni maneno 40,000, yaani saa sita. Ukiuziwa "riwaya nzima" ya kitabu hicho ikiwa na saa mbili na robo, kilichokatwa ni zaidi ya nusu, na madokezo ndiyo hukatwa kwanza kwa kuwa yanaonekana hayana kazi. Kufupisha si dhambi ikiwa imeandikwa kwamba kimefupishwa. Vivyo hivyo kwa wale wanaotoa sehemu zote bure kasoro ya mwisho, ambayo inalipiwa: wauze, ni jasho lao, ila waseme hivyo tangu sehemu ya kwanza.

Jasho la mwandishi je? Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi katika maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtobwa alifariki 2008, hivyo vitabu vyake vinalindwa hadi mwisho wa 2058, na anayetaka kuvisoma kwa sauti na kuviuza atafute warithi au mchapishaji na apate idhini ya maandishi inayotaja neno "sauti" wazi, maana idhini ya kuchapa kitabu peke yake isichukuliwe kuwa ni ya kurekodi. Kusema "nimekitaja jina lake mwanzoni" si idhini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni safu ndogo ya uhakiki, hata mara moja kwa mwezi. Mhakiki ataje kwa kila kitabu jina la msimulizi, urefu kwa saa na dakika, kama ni kizima au kimefupishwa, kimegawanywa vipande vingapi, na bei. Asikilize sura mbili za kwanza kwa hedifoni na mbili za katikati kwa spika ya simu ya bei ndogo, jikoni, sufuria zikigongana. Kwa riwaya ya kihistoria aorodheshe miaka iliyotajwa na aiweke mbele ya mtu anayeijua historia ya mahali hapo kabla ya kutoa alama. Kwa ya upelelezi asikilize mpaka mwisho, kisha arudie sura ambayo muuaji alisema kwa mara ya kwanza bila kutajwa jina, na atuambie tu kama sauti ilimlinda au ilimuuza.

Msikilizaji,
Mwanga, Kigoma